Chokaa ya Wakwe wa Mathew

Ukitaka kumjua Mathew arap Chumo, anza na miguu yake. Miaka yote niliyokuwa na duka pale njia panda ya Kaptulwo, asubuhi nilimwona akipanda kutoka kwake na gambuti zilizojaa matope, viatu vya ngozi vikiwa kwenye karatasi ya plastiki kwapani. Akifika kwangu anaketi kwenye ngazi, anavua gambuti, anazisugua kwa nyasi, anavaa viatu na kufunga kamba polepole kama bwana harusi. Kisha ananikabidhi gambuti nizitie chini ya kaunta, anaenda kazini. Jioni anarudi, anaketi pale pale, anavua viatu, anavaa gambuti, anateremka.

Sasa sikiliza kazi yenyewe ni ipi. Mathew alikuwa dereva wa greda ya kaunsili. Mtu wa kutengeneza barabara alikuwa yeye.

"Baba Tecla," nilikuwa namwambia, "mtu akisikia habari yako atasema namsingizia."

"Mama Shirley, nipe gambuti zangu," anasema, na hapo maongezi yameisha. Mathew hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza habari ya mvua, ataangalia juu kwanza.

Usidhani ni yeye peke yake. Kaptulwo nzima ilivulia gambuti kwangu. Walimu, wachuuzi wa maziwa, akina mama wa kwaya, wote walikuwa na mahali pao chini ya kaunta, kila jozi na alama yake. Za mwalimu mkuu zilikuwa na nambari ya rangi nyeupe. Za Tecla, binti ya Mathew, zilifungwa uzi mwekundu. Wateja wageni walikuwa wakiingia wananiuliza bei ya gambuti, na mimi nawaambia haziuzwi, zinapumzika.

Barabara ilikuwa inagawanyika mbele ya duka langu. Ya kulia inapanda hadi Juu, tulivyopaita, walikokaa mameneja wa mashamba makubwa ya chai, daktari mmoja mwenye farasi, wakubwa wa kaunsili wenyewe, na kile kilabu ambako watu wazima wanafuata mpira mdogo kwa fimbo siku nzima. Ya kushoto inateremka Kaptulwo, kwa watu wa vishamba vya chai, ng'ombe wawili watatu na mahindi nyuma ya nyumba. Ile ya Juu ilikwanguliwa kila mwezi, hata mwezi ambao haikuwa na shimo la kutosha kuweka yai. Ile ya chini ilikuwa na mashimo ya zamani sana hivi kwamba yalikuwa na majina. Kulikuwa na moja karibu na mto lililoitwa Benki, kwa sababu kitu kikiingia humo, kukipata tena ni maombi.

Mvua ikinyesha, na kwetu mvua ya alasiri haikosi, lori la majani ya chai halikuthubutu kuteremka. Akina mama walipanda na vikapu vya majani mgongoni mpaka kwangu, wengine majani yakiwa yameshaanza kuwa mekundu, karani anayakataa. Na senti za barabara walikuwa wakikatwa kwenye kila kilo ya majani. Kwenye kukatwa hakukuwa na Juu wala chini. Hapo tulikuwa sawa kabisa, raia wa nchi moja.

Kwa hiyo kila mwezi tulimwona Mathew akipita na greda mbele ya duka, ile bledi, upanga mrefu wa chini unaokwangua, imeinuliwa kabisa, anakata kulia anaelekea Juu. Watu wa kwao wanamwangalia. Yeye anaangalia mbele kana kwamba upande wa kushoto Mungu hakuumba kitu.

Nisije nikaonekana namcheka bure, niseme jambo moja. Mwaka wa tisini na mbili, mambo yalipoharibika kwa vita vya makabila na watu wengi wa kwetu kutoka Nyeri na Murang'a wakafungasha, mume wangu Nganga alikuwa amesafiri, nami nilikuwa na Shirley mchanga. Mathew alileta kigoda chake akaketi kwenye mlango wa duka langu, kuanzia asubuhi hadi giza, siku baada ya siku, mpaka mambo yakatulia. Hakusema kwa nini ameketi. Waliopita walimwona, wakasalimiana naye kwa Kikipsigis, wakaenda zao. Asante ya kitu kama hicho mimi siijui, kwa hiyo ninamtania.

Sasa mwaka wa tisini na tano Tecla alipata mchumba. Kijana anaitwa Kipkoech, wa karibu na mji wa Bomet, fundi wa redio, mpole, meno mazuri. Tecla alikuwa mwalimu wa chekechea, na tangu ampate kijana huyo alikuwa anavaa gambuti akiimba. Ikabaki wazazi waketi. Kwa Wakipsigis kuna siku ya koito, ambapo wazee wa kijana wanakuja kwa kina msichana, wanaingia ndani na wazee wa pale, wanapatana ng'ombe. Bila hiyo siku hakuna harusi, hata mpendane mpaka mkonde.

Wakwe walikuja mara ya kwanza mwezi wa nne. Pikapu yao, Peugeot nzuri, ilifika kwenye Benki ikaweka akiba. Wazee wa watu, na makoti yao na kofia zao, walishinda wakisukuma, na mvua ikawakuta hapo. Walirudi Bomet bila kuona mlango wa Mathew.

Mara ya pili walikuja mwezi wa sita. Safari hii hawakufika hata kwenye Benki. Pikapu iliteleza hatua chache tu kutoka dukani kwangu, ikaingia mtaroni, ikalala ubavu kama ng'ombe anayecheua. Ndani yake alikuwa nyanya ya Kipkoech, Kogo Celine, mwanamke mdogo wa mwili, mkubwa wa macho, goti moja bovu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo ule. Bila yeye wanaume hawakuweza kupatana hata kuku. Tulimtoa kupitia dirishani. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamwosha miguu, nikampa chai. Akina Rodah, mke wa Mathew, walikuja mbio kutoka chini, wakamkuta anapangusa midomo.

"Mama," Kogo alimwambia Rodah, kwa upole uliotisha kuliko hasira, "tumerudishwa mara mbili. Kwa watu wangu, nyumba ikikurudisha mara ya tatu, inakuambia kitu. Ikitokea, Kipkoech atatafuta kwingine. Si kwa ubaya."

Rodah aliomba waende kwa miguu, ni mteremko tu. Kogo aliinua goti lake kidogo akamwonyesha. Tecla alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na gambuti zake za uzi mwekundu. Hakulia. Aligeuka akaingia dukani kwangu, akaanza kupanga viberiti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilimwacha avipange.

Wakapatana siku nyingine, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Mtu atasema wangengoja kiangazi. Ukingojea kiangazi Kericho, utaolewa na meno ya kununua.

Kuanzia siku hiyo nyumba ya Mathew haikuwa na amani. Rodah alikuja kunisimulia, na kwa vile ana sauti ya kuitia ng'ombe, walisikia na walioko posho mill.

"Nimemwambia ashushe hiyo bledi mara moja tu. Mara moja! Anapita pale pale njia panda. Akate kushoto badala ya kulia, ateremke, apande, aende zake. Nani atajua?"

"Alisema nini?"

"Alisema greda si yake."

Na kweli hilo ndilo alilosema. Dereva aliyekuwa kabla yake aliipeleka greda kwa mama mkwe wake Jumapili moja, akamsawazishia ua, na Jumatatu akawa hana kazi. Lakini si woga wa kazi tu, namjua. Mathew ni mtu ambaye akiokota kalamu ya kaunsili njiani, atairudisha kabla ya kunywa chai. Rodah alimwambia, "Unakwangulia farasi wa daktari barabara kila mwezi, na binti yako atakosa mume kwa sababu ya shimo." Walinyamaziana wiki nzima, na ukimya wa Rodah unasikika mbali.

Siku moja jioni nilimwona Mathew ameketi kwenye ngazi yangu, kiatu kimoja amevua, kingine bado, hasogei. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Mama Shirley, nimefanya barabara tangu Tecla hajazaliwa," alisema. Kisha akavaa gambuti akaondoka. Hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kunitolea, na iliniuma.

Wiki ya koito ilipofika, Rodah alikuja dukani akiwa na uso wa mtu aliyeamua. Akataka chokaa.

"Ya choo?"

"Ya mawe."

Akanieleza. Yeye hufua nguo kwa meneja mmoja huko Juu siku za Jumanne. Kila mgeni mkubwa anapotazamiwa huko, wanapaka mawe ya kando ya barabara rangi nyeupe, wanachomeka migomba kwenye njia panda, wanafagia. "Hiyo ndiyo heshima ya mgeni," alisema. "Barabara siwezi kuitengeneza. Lakini Kogo Celine akikwama, akwame akijua tulimngojea. Wakwe zangu ni wadogo kuliko wageni wa nani?"

Ni kweli nilikuwa na gunia la chokaa tuliyobakisha tulipopaka duka. Nilimpa bure, na ufagio wa kupakia. Jumatano akina mama wa kijiji walitoka, wale wa kwaya na wale wasioimba, wakapaka kila jiwe kutoka dukani kwangu hadi kwa Mathew. Palipokosa mawe walileta mawe. Vijana wakachimba wakachomeka migomba miwili mikubwa pale kwenye njia panda, majani yake yakikutana juu. Niseme ukweli, palipendeza. Katikati ya mawe meupe yaliyonyooka lilipita lile tope letu, jeusi, lenye mashimo yenye majina, limevalishwa kola nyeupe.

Alhamisi asubuhi Land Rover ya kaunsili ikapita kwenda Juu. Ndani alikuwa Injinia Atuti, mkubwa wa barabara, mtu mnene mwenye tai, asiyekuwa mbaya. Gari likapita njia panda. Likasimama. Likarudi kinyumenyume polepole mpaka mbele ya migomba. Injinia akashuka, akaangalia mawe yale meupe yanavyoteremka hadi kwenye kona, akapangusa shingo kwa leso. Halafu akaingia kwangu, akaagiza soda asiyoinywa.

"Naona mmejitayarisha, mama."

"Tumejitahidi, mkubwa," nikasema. "Wageni wanakuja Jumamosi."

"Ndiyo. Jumamosi." Alitikisa kichwa kama mtu anayejua. "Ile saa ya... ile ile?"

"Asubuhi, kabla ya mvua."

"Ndiyo, ndiyo. Nilikuwa najua. Na magari ni mangapi hivi, walisema?"

"Moja. Labda mawili."

Leso ikatoka tena. "Kumbe wanakuja kimyakimya."

"Basi wao si watu wa makelele," nikamwambia. Naapa nilidhani Mathew amemwalika mkubwa wake wa kazi, na nikaona ni vizuri. Sikujua alichokuwa anakiona yeye. Miaka ile, ukiona mawe meupe, mkubwa anakuja. Ukiona mawe meupe ambayo hukuambiwa, mkubwa anakuja kukuangalia wewe. Na swali la kuuliza ni nani hukuweza kuliuliza, kwa sababu mwenye kazi yake alitakiwa awe anajua. Injinia aliacha soda mezani na kuondoka mbio, na Land Rover haikwenda Juu tena. Iligeuzwa pale pale kwenye migomba ikarudi mjini.

Mchana tukasikia mngurumo. Greda ilikuja, nyuma yake malori ya murramu, ule udongo mwekundu wa kumwaga barabarani, nyuma yake shindilia, lile gari la gurudumu la chuma ambalo Kaptulwo walikuwa hawajawahi kuliona kwa karibu. Murramu ile ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya njia ya kilabu. Mke wa meneja mmoja aliteremka na gari lake kuuliza murramu yao inaenda wapi, na Injinia akamwambia kwa sauti ya chini, "Madam, kuna mambo," na yule mama akaelewa kuna mambo, akarudi. Hapo nami nikaelewa Injinia alidhani anakuja mkubwa wa serikali.

Mathew alisimamisha greda kwenye njia panda. Mpaka hapo alikuwa ameambiwa tu kuna wageni wakubwa, si barabara ipi. Aliangalia migomba, akaangalia mawe, akaniangalia mimi mlangoni. Kisha akazima injini, akashuka, akamwendea Injinia. Nilikuwa nimesimama karibu, na nilisikia kila neno.

"Mkubwa, kuna makosa hapa. Hao wageni ni wakwe zangu. Wanakuja kwa ajili ya binti yangu."

Nilifumba macho. Nikasema moyoni, Mathew, mara hii moja tu si ungeuma ulimi.

Injinia Atuti alimtazama sana. Halafu akatabasamu kwa uchungu, akamshika bega. "Wamekuambia useme hivyo, eh? Nimekuelewa, mzee. Usiseme zaidi. Shusha bledi."

"Mkubwa, nasema kweli. Ni watu wa Bomet, na pikapu."

"Pikapu!" Injinia alizidi kutoka jasho. "Hata gari wamebadilisha. Mathew, shusha bledi."

Mathew alikuwa amesema ukweli mara mbili, na amri imetoka mara mbili. Alipanda greda yake, akaiwasha, akakata kushoto. Nikaona bledi ile ikiteremka taratibu mpaka ikagusa ardhi ya kwao. Akina mama waliokuwa na vikapu waliviweka chini. Hakuna aliyepiga kigelegele, hata Rodah. Walimfuata tu nyuma kwa miguu, pole pole, vile watu wanafuata jeneza au bibi harusi. Benki ilijazwa lori zima na bado ikataka. Alifanya kazi Alhamisi hiyo hadi jioni na Ijumaa yote, na mtaro alichimba, na mgongo wa barabara aliuinua katikati ili maji yashuke pande zote, na kila aliponipita nilimwona anaangalia kushoto na kulia kama watu wengine wote.

Jumamosi asubuhi Injinia alifika kabla ya jua kupata nguvu. Alikuwa na suti. Aliwapanga makarani wake pale chini ya migomba, na binti ya mmoja wao akiwa ameshikilia maua. Sisi tuliokuwa dukani tulijua sasa, na tulikuwa tumekubaliana kunyamaza, kwa sababu mtu akishavaa suti namna ile utamwambiaje.

Peugeot ikatokea, imeoshwa. Ikapunguza mwendo. Dereva, mjomba wa Kipkoech, alipoona watu wenye tai wamejipanga, akasimama kwa hofu. Injinia akachungulia ndani. Wazee wanne na makoti yao. Na mbele, dirishani, Kogo Celine, kitambaa kipya kichwani, ametulia kama mtu aliyetarajia haya yote tangu utotoni. Nilimwona Injinia anapiga hesabu: huyu ni mama ya nani? Ni lazima awe mama ya mtu. Akampa maua kwa mikono miwili.

Kogo akayapokea. "Kongoi," akasema, yaani asante. "Sasa hapa pana watu. Wewe ndiye wa barabara?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona nilikuja mara mbili nikawekwa mtaroni?"

Injinia alibadilika rangi. Mara mbili. Walikuwa wameshakuja mara mbili, kimyakimya, na walikuwa wamewekwa mtaroni. "Mama, tusamehe. Hatukujua."

"Watu wanaokaa hapa wanajua," Kogo alisema. "Iangalie kila mwezi. Nitakuwa napita."

"Kila mwezi, mama."

Kogo akainua kidole, dereva akakanyaga mafuta, na pikapu ikateremka kati ya mawe meupe bila kutikisa hata ua moja. Koito ikafanyika. Wazee waliingia, wakapatana, wakatoka wakicheka, mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, ikanywewa. Mvua ilikuja alasiri kama kawaida yake, na ikashuka mitaroni kama maji yaliyofundishwa. Tecla alikuja mbio kunipa habari, na alikuja na viatu. Alifika kwangu, akatazama miguu yake mikavu, akaanza kulia, akanifanya na mimi nilie. Mathew alikuja nyuma yake. Alikuwa na gambuti. Nikamwuliza gambuti za nini sasa, akasema hakufikiria.

Basi miezi iliyofuata tuliishi kama watu. Injinia alituma greda kila mwezi, na kila mara aliulizia dukani kwangu, kwa kuzungukazunguka, kama yule mama amepita. Nilikuwa namwambia bado, lakini yuko karibu. Huo ulikuwa mchango wangu kwa maendeleo ya Kaptulwo. Lori la majani liliteremka mpaka senta ya kijijini ya kupimia majani. Chini ya kaunta yangu mlibaki na nafasi hata nikaweka magunia ya sukari, na watu walisahau gambuti zao kwangu kabisa. Tecla aliolewa Disemba, akaenda Bomet. Za uzi mwekundu zilibaki.

Lakini nilikuwa na hasira, na mpaka leo ninayo, hata ninapocheka. Watu wale walizaliwa pale. Walizikana pale, walikatwa senti pale, walipandisha wagonjwa kwa machela pale. Hayo yote hayakuleta greda. Ililetwa na kikongwe mmoja wa goti bovu aliyedhaniwa ni mama ya mkubwa. Kumbe dhambi ya Kaptulwo ilikuwa ni kuishi Kaptulwo. Ungekuwa mgeni, ungepewa barabara.

Nilimwambia Mathew hivyo. Aliangalia juu kwanza, kisha akasema, "Ni kweli." Nikaona amelibeba neno lile akateremka nalo.

Injinia Atuti alihamishwa mwaka uliofuata, na hakujua mpaka anaondoka. Akaja kijana mwingine, msomi. Greda ikarudia njia yake ya zamani, bledi juu, kulia. Mvua mbili zikatosha. Benki ikafunguliwa tena, magunia yangu ya sukari yakatoka chini ya kaunta.

Halafu siku moja Mathew alikuja dukani kwangu siku ambayo si ya kazi, akataka chokaa. Nikamwuliza ni ya choo. Akasema ni ya mawe. Nilimpa na ufagio, nikasimama mlangoni kumwangalia. Mtu yule yule ambaye hakuweza kusema uongo hata kwa ajili ya binti yake alipiga magoti kando ya barabara, koti amelikunja juu ya jiwe, akaanza kupaka. Alipaka peke yake kutoka kwangu mpaka kwake. Yule injinia mpya alipita na gari akapunguza mwendo, akaniambia, "Pamependeza," akaenda Juu. Hakuwa wa zamani zile. Hakujua mawe meupe ni nini.

Jumamosi Peugeot ikaja, ikasimama mbele ya duka. Haikujaribu kuteremka. Tecla alishuka na viatu vya mjini, mtoto mchanga mgongoni, wa kwanza, aliyekuja kuonyeshwa kwao. Mathew alikuwa ameketi kwenye ngazi yangu tangu asubuhi, amenyoa.

Tecla alimsalimu baba yake, kisha akaona mawe yalivyonyooka hadi kwenye kona, tope katikati.

"Baba, wamepaka mawe," alisema. "Kwani nani anakuja?"

"Mgeni mkubwa," Mathew akasema.

Tecla akageuka akaangalia barabara nyuma yake, amwone ni nani. Hakukuwa na mtu. Mathew akanyoosha mikono kumpokea mtoto, na mimi nikainama chini ya kaunta kuzitafuta zile za uzi mwekundu.